Matanga ya Mume Aliye Hai

Mume wangu alikufa mara moja tu, lakini kisa cha kufa kwake amekisimulia hata nimeacha kuhesabu. Amekisimulia harusini, kwenye hitima, kwenye chumba cha daktari wa meno. Kila akikisimulia watu wanashika mbavu, na wanayemcheka ni mimi, si yeye. Nilivumilia miaka mitatu. Naandika haya ili ijulikane kwamba sikuvumilia zaidi ya hapo.

Mimi ni mtoto wa Isevya, Tabora mjini. Baba yangu ni wa wale Waarabu wa Tabora ambao babu zao walikuja na misafara wakaona pa kukaa, wakafungua duka la nguo, na mpaka leo wanauza nguo. Mama yangu ni Mnyamwezi wa Goweko, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Shuleni waliniita Mwarabu kwa ajili ya pua na nywele. Nyumbani tulisema Kiswahili, na mama akikasirika, Kinyamwezi. Kiarabu nilichokuwa nacho ni cha chuoni, cha Kurani, cha kusoma bila kuelewa, na nilikisoma vizuri sana.

Mume wangu ni Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa lifti. Alipopata kazi Maskati, upande wa baba walifurahi kama vile nimeshinda mtihani. Shangazi yangu alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia, "Sasa unarudi kwenu, mwanangu." Kwetu ambako sikumjua hata mtu mmoja.

Maskati, mtu akiniona tu ananimiminia Kiarabu. Mume wangu akiingia dukani na sura yake ya Kisarawe, mwenye duka anamwonyesha kwa vidole, taratibu, kwa heshima. Mimi nikiingia, napewa maneno mia kwa pumzi moja, na nikikodoa macho wananiangalia kama nawadharau. Nilijipa moyo kwamba nusu ya Kiswahili ni Kiarabu, basi nitafika. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Wiki ya kwanza nilisimama mbele ya muuza samaki, nikanyoosha kidole kwenye jodari, nikasema "tafadhali" kwa adabu zangu zote. Yule mzee akashukuru, akasogea pembeni, akangoja. Nikarudia tafadhali. Akashukuru tena. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwao tafadhali ni karibu, chukua, pita. Nilikuwa namkaribisha achukue samaki wake mwenyewe.

Hilo nililicheka mwenyewe. Na sikukaa kitako. Palikuwa na darasa la wanawake asubuhi, nyumba ya pili kutoka msikitini, nikajiandikisha. Tulikaa ghorofa ya nne, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya joto, hakuna mtu wa kupiga hodi, na kutwa nzima sauti ninayoisikia ni ya kiyoyozi. Darasa lile ndilo lililonifanya nione kwamba na mimi ni mtu. Mwezi wa tatu nilikuwa naweza kununua dawa, kuuliza njia, kumwamkia jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mtu mzima aliyependa kunipa tende kila nikipita mlangoni pake.

Kisha ikatokea ile siku. Nakitoa kisa chenyewe kama mume wangu anavyokisimulia, ili msiseme nimempunja.

Anaanza kwa kukohoa. Anasema: siku moja natoka kazini, gari dogo la mizigo likanigonga nyuma, pale kwenye mzunguko. Kitu kidogo, shingo imeteguka kidogo, lakini simu yangu imepasuka na wenzangu wamenikimbiza hospitali. Mmoja wao akampigia mke wangu. Sasa mke wangu, na Kiarabu chake cha Tabora, anakwenda kwa jirani kuomba msaada wa gari. Anataka kusema mume wangu amepata ajali. Neno "jaa", kuja, analijua tangu chuoni. Mume ni "zauji", hilo kajifunza darasani. Na ajali, si ajali tu? Basi anapiga kelele mlangoni: zauji, jaa ajal!

Hapo mume wangu ananyamaza, anawaangalia watu mmoja mmoja. Kama kuna asiyejua Kiarabu, anamfafanulia. Ajali ya Kiswahili ni gari kugongana. Ajali ya Kiarabu ni siku ya mtu iliyoandikwa. Mke wangu amemwambia jirani kwamba siku ya mumewe imefika.

Kisha anaendelea: mimi narudi nyumbani alasiri, nimefungwa shingo, nasikia kilio kwenye ngazi. Najiuliza nani amekufa jengo hili. Nafungua mlango wangu, wanawake wamejaa, nguo nyeusi, birika za kahawa, sahani za tende. Mama mmoja ananiona, anaanguka. Namwuliza jirani, kuna nini? Ananiambia, mwenye nyumba hii amefariki. Nikamwambia Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri.

Wanacheka mpaka wanapigana mabega. Na mimi naangaliwa. Kuna mikono inayonipigapiga mgongoni, kuna anayejifutia begani kwangu machozi yake ya kicheko.

Maskati imejaa watu wanaosema Kiswahili, wale ambao wazazi wao walitoka Unguja na Pemba, na kila Ijumaa kuna mwaliko. Kila Ijumaa kisa kinaombwa kama wimbo. Na kila mwaka kinaongezwa chumvi. Mwaka wa kwanza wanawake walikuwa sita. Mwaka wa tatu wamefika thelathini na kuna mbuzi kafungwa kwenye ngazi. Mwalimu wangu wa darasani alikisikia kwa shemeji yake. Nilipoingia asubuhi, akawaambia wenzangu kwa upole kabisa kwamba leo tutajifunza neno ajali, na darasa zima likafa kwa kicheko. Sikurudi. Nilianza tena kunyoosha kidole madukani. Jirani wa chini akinisemesha, namwitikia kwa kichwa. Kiarabu chote nilichokihangaikia nilikifungia mdomoni, na Kiswahili changu nacho kikapungua, maana nikisema tu neno lolote mbele za watu kuna mmoja ananiuliza kama hakuna msiba.

Nilimwomba. Nilimwambia, "Mume wangu, naomba kisa kile usikisimulie tena. Kinaniuma."

Akanishika kidevu. "Ah, mama, utani tu huo. Au wewe huna utani?"

Hilo neno alilisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mzaramo anamwambia mtoto wa Mnyamwezi kwamba hajui utani. Babu zangu walibeba mizigo kutoka Unyamwezi mpaka pwani, na walipopita Uzaramo wakila, wakiugua, wakifa, Wazaramo ndio waliowazika na kuwatukana, na wao wakarudisha matusi yote bila kubakiza. Utani wetu na wao umetokea kwenye ile njia. Nilimtazama tu. Nikaenda kuosha vyombo, lakini tangu siku hiyo nilimweka moyoni.

Mwaka wa tatu kampuni yake ikatoa likizo ndefu na tiketi mbili. Yeye alitaka hoteli ya ufukweni, sisi wawili tu, fungate ya pili kama alivyoiita. Mimi nikasema Tabora. Nikamwambia tutafuata njia ya misafara, tupite bara yote, uone babu zetu walikopita. Akapenda. Akawatangazia watu wa Ijumaa kwamba anakwenda kutembea njia ya kale na mkewe, akanunua na kofia pana ya jua yenye kamba ya kidevuni. Nilimsaidia kuichagua.

Tulichukua treni mpaka Dodoma, na kutoka hapo basi. Nakiri kwamba siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Alinikatia machungwa, akanilalia begani, akaniuliza majina ya milima ambayo hata mimi siyajui nikamtungia. Nilianza kulegea. Nilijiambia pengine niache, pengine huku nyumbani kisa kitamtoka kichwani.

Basi likasimama Igunga ili watu wale. Tukaingia hotelini, wali na nyama, meza ndefu, abiria wenzetu mbele na nyuma. Mimi nimetia tonge la kwanza mdomoni, nikamsikia anakohoa.

Wale watu hata hatukuwajua. Dereva, wafugaji wawili wa Nzega na fimbo zao, mama mmoja na mtoto mapajani. Akawafafanulia ajali ya huku na ajali ya kule. Akawapa mbuzi kwenye ngazi. Yule mama akaniangalia, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakimtetemeka. Mmoja wa wafugaji akaniambia, "Pole shemeji, lakini umetisha." Niliacha wali wangu na moshi wake, nikatoka, nikaenda nyuma ya basi, nikampigia simu mama mkubwa Goweko.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, mtu wa shamba, sauti nzito, na kwenye misiba ya pande zile yeye ndiye anayeitwa kuongoza watani wanapomlilia maiti kwa kejeli. Nilimwambia, "Mama, shikamoo. Mtani wenu alikufa Maskati mwaka juzi ule, na ninyi hamkuambiwa."

"Marahaba. Mtani yupi?"

"Mume wangu."

"Si ndiye unayesafiri naye?"

"Ndiye."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. Kisha akasema, "Kumbe. Mzaramo amekufa, na Wanyamwezi hawajamlilia. Hiyo ni aibu yetu. Mlete Jumamosi, na usimwambie kitu." Kabla hajakata akaniuliza anavyokohoa anapoanza. Nikamwonyesha kwenye simu, nyuma ya basi, mara tatu, mpaka akakipata kikohozi chenyewe.

Tukafika Tabora, tukakaa kwa baba Isevya. Mume wangu alitembea na kofia yake mji mzima. Alikwenda Kwihara kulipiga picha lile tembe, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, akaja na udongo mwekundu kwenye viatu na furaha tele, ananieleza mimi historia ya kwetu. Jioni alikaa barazani na baba na kaka zangu, na jioni hiyo hiyo, nikiwa ndani nachuja chai, nikamsikia anakohoa. Mbele ya baba yangu. Baba anajua Kiarabu kuliko sisi sote, alikielewa kisa kabla ya kufafanuliwa. Hakucheka. Aliomba maji ya kunywa.

Usiku ule nilimpa mama hati yangu ya kusafiria. Nilimwambia anifichie sandukuni, na asinipe hata nikiomba, mpaka mimi na huyu bwana tuwe tumemalizana. "Ama aache kisa hiki," nikamwambia, "ama arudi mwenyewe." Mama akaigeuzageuza ile hati. Alisema ndoa ya miaka minane haivunjwi na hadithi. Nikamwambia hii si hadithi, mama. Akaichukua.

Siku zilizofuata nilizungumza na mama mkubwa kila adhuhuri. Nilimpa kila kitu: anavyotembea amebinua kifua, anavyotia nazi hata kwenye maharage ya kopo, anavyonyamaza pale penye kuchekesha na kuwaangalia watu mmoja mmoja. Nilikuwa mwema sana kwa mume wangu wiki ile. Nilimpikia, nilimpigia pasi mashati. Hakunishuku kitu, maskini, na mimi nilikuwa nafurahi mpaka najiogopa.

Jumamosi asubuhi tukakodi gari kwenda Goweko. Alivaa kofia. Tulipokaribia boma la mama mkubwa, tukasikia yowe.

"Kuna msiba huku?" akaniuliza.

"Upo."

"Mungu wangu. Nani?"

"Mkwe wa nyumba hii."

Akavua kofia. Hakuwa amefahamu bado. Alishuka garini na uso wa rambirambi, mikono ameifumbata, na wanawake kumi na wanne wakamjia wakiwa na kaniki kiunoni na majani ya mgomba kichwani. Mama mkubwa mbele. Alimwangukia shingoni akapiga kelele, "Mtani wetu! Kafia ugenini, kazikwa na watu wasiojua hata kumtukana!" Hapo ndipo akafahamu, na nampa haki yake, alicheka. Ni Mzaramo, utani anaujua. Alipiga magoti akasema, "Mama mkwe, shikamoo."

"Maiti hasalimii," mama mkubwa akamwambia. "Mlazeni."

Wakamvua viatu. Wakamnyang'anya kofia. Wakamlaza kwenye mkeka uani na kumfunika kitenge mpaka kichwani. Aliposema neno walimjibu kwa yowe mpaka sauti yake ikapotea. Mjomba wangu mmoja, mtu wa swala tano, alisema kwamba mambo haya si mazuri, akahamisha kiti chake mpaka nyuma ya ghala, lakini nilimwona anachungulia.

Wakamlilia. Walimlilia kwamba amekufa bila kushika jembe, na kwamba huko aendako watafute minazi mapema. Walimlilia kwamba alikuwa fundi wa lifti, na mkewe anapanda ghorofa nne kwa miguu. Nilicheka hapo, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mmoja akatembea kwa kifua chake kuzunguka ua, majirani wamejaa kwenye uzio wa mabua, watoto wanamfuata. Halafu mama mkubwa akaweka ile kofia kichwani, akafunga kamba kidevuni, akasimama miguuni pa maiti, akakohoa.

Kile kikohozi. Nilikiona kitenge kinatulia.

Akakisimulia kisa kwa mdomo wa mume wangu, neno kwa neno, na kule kunyamaza na kule kuwaangalia watu. Ila yeye alikiongeza kwa kasi. Wanawake wakawa sitini, wakawa mia mbili, mbuzi akawa ng'ombe, ng'ombe akapanda lifti. Na kila mara akiongeza alikuwa anainama, anauliza kitenge, "Si ndivyo, marehemu? Au nimekupunguzia?" Watu wakawa hoi. Mume wangu ndiye aliyekuwa anachekwa sasa, amelala kimya, vidole vya miguu vimekakamaa. Nilivitazama vile vidole kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwenye chakula wala kwenye nguo.

Mpango wangu uliishia hapo. Baada ya hapo tungemfunua, tule, tucheke, na yeye akakione cha moto kila akitaka kukohoa.

Lakini mama mkubwa anaongoza misiba ya kweli, na alifuata utaratibu wake. Alivua kofia, akasema kama inavyosemwa kabla ya kunyanyua jeneza. "Ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye amsamehe. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe," wakaitikia, na vicheko.

"Na mjane naye?"

Nilifungua mdomo niseme nimemsamehe, twende tukale. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi bado."

Waliokuwa karibu walicheka kidogo wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mama mkubwa hakucheka. Alinisogelea. "Mwanangu, huo ni utani?"

"Si utani, mama."

Kitenge kikajinyanyua. Mama mkubwa akaweka kiganja pale kwenye kifua, akakirudisha chini. "Wewe umekufa," akamwambia. "Maiti hanyanyuki hajasamehewa. Sema, mwanangu. Anakusikia, na hana mdomo."

Nikakaa kwenye kona ya mkeka, kichwani pake, nikasema. Kwa mara ya kwanza nikakisimulia mimi.

Nilimwambia: simu ilisema ajali, hospitali, ikakatika. Nilishuka ghorofa nne bila viatu. Kwenye ngazi ya mwisho nilianguka, nikainuka, nikagonga mlango wa jirani, nikasema nililosema. Alinikumbatia. Nikafikiri ananihurumia kwa ajili ya ajali, nikafikiri kumbe huku nako watu wana moyo, mtu akipata ajali wanakuja wote, kama Tabora. Nikamwuliza hospitali, hospitali? Akanifuta uso, akaonyesha juu mbinguni.

Nilimwambia: basi hapo ndipo nilipojua umekufa. Sikujua kwamba ni neno langu mwenyewe limezunguka likarudi kwangu. Nilifikiri wao wamepigiwa simu wakanificha. Kila aliyeingia ananishika mikono, analia, na mimi niamini nini? Walinivua bangili. Walinifunga kitambaa cheusi. Tangu adhuhuri mpaka alasiri mimi nilikuwa mjane, ndani ya nchi ambayo juzi tu sikujua kuomba hata samaki. Nilikuwa nafikiri nani atakuosha. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama yako Kisarawe, natunga, nafuta, natunga. Asubuhi ile tuligombana kwa ajili ya shati, nikakwambia ukome kunisumbua. Nikawa nasema moyoni, hayo ndiyo aliyoondoka nayo.

Nilimwambia: halafu ukaingia. Nikakuona umesimama mlangoni na shingo yako. Nilikunyooshea mikono, hivi. Na wewe ukacheka. Ulicheka ukashika ukuta. Wanawake walinitazama mimi, wakakutazama wewe, na mmoja mmoja nao wakaanza. Hukunishika. Ulikwenda kumtafuta wa kumhadithia.



Nikamwambia: mtu akijikwaa barabarani anapewa pole na asiyemjua. Akidondosha kikombe anapewa pole. Yule mfugaji wa Igunga alinipa pole, na wali mdomoni. Mimi nilifiwa na mume mchana mzima wa Mungu, na mwaka wa tatu huu mume huyo hajanipa.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akavua majani ya mgomba kichwani. Kitenge kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu, na pale penye uso pamelowa. Nilikifunua mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu, ameuma mdomo, na alikuwa hanitazami kama anavyowatazama watu wake wa Ijumaa.

"Pole," akasema. "Pole, mke wangu."

Nilikuwa nimeingoja miaka mitatu. Nilidhani ikija nitalia. "Hapa si mahali pake," nikamwambia. "Hawa hawakunicheka. Utarudi Maskati peke yako. Ijumaa wakikuomba kisa, kohoa kama kawaida yako, na hayo niliyokwambia uyaseme yote, mbele ya wale wale. Siku utakayoyasema, watanipigia wao wenyewe, na hapo ndipo nitachukua hati yangu kwa mama."

Nikainuka, nikapangusa vumbi kwenye nguo, nikaenda kuwasaidia wenzangu kupakua.